Miaka Mitatu Kwenye Mpini wa Machela

Siku yangu ya kwanza kazini sikubeba mtu. Nilibebwa mimi.

Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka 2017, kwenye gereji iliyobanwa katikati ya maghala ya Grand Prairie, huku Marekani. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa. Nyuma yangu kulikuwa na miaka ishirini na sita ya uhudumu wa wodi katika hospitali moja ya wilaya upande wa Tanga, nikafika pale nikijiona bingwa. Binti yangu Neema, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyenitafutia kazi hiyo. Kampuni ilikuwa na magari ya kuwahamisha wagonjwa wasio wa dharura: wanaotoka hospitali kurudi nyumbani, wanaokwenda kusafishwa damu, wazee wanaohama kutoka kituo kimoja cha kulelea kwenda kingine. Watu wasioweza kukaa kitini wakaenda. Hao tuliwabeba kwa machela.

Msimamizi wa zamu alikuwa Mama Achieng', mwanamke wa Kisumu, mfupi kiasi kwamba kichwa chake kilinifika kifuani. Alinitazama kuanzia viatu mpaka mvi.

"Baba Neema, nimeambiwa wewe ulibeba wagonjwa huko kwenu miaka mingi."

"Ishirini na sita."

"Sawa. Lala hapo kwanza."

Nikadhani anatania. Hakutania. Nililala kwenye machela, akanifunga mikanda mitatu, wa kifuani, wa nyonga na wa magoti, akanisukuma nje juani pamoja na kijana mmoja wa Machakos aitwaye Musyoka. Walinipitisha kwenye changarawe, wakanipandisha na kunishusha kwenye ukingo wa njia, wakaniingiza garini, wakanizungusha mtaa mzima Musyoka akifunga breki ovyo. Hakuna aliyenisemesha neno. Waliponifungua nilikuwa nimelowa jasho.

"Uliona nini?" Mama Achieng' akaniuliza.

"Anga. Halafu dari. Halafu pua zenu."

"Hiyo ndiyo kazi. Mgonjwa haoni unakompeleka. Kwa hivyo umwambie kila kitu kabla hujakifanya. 'Tunainua.' 'Hapa kuna kibonde.' 'Tunapinda kushoto.' Ukinyamaza, ameshaanguka ndani ya roho yake hata kama hajagusa chini."

Katika miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Ninyi mnaobeba leo mna machela zinazojiinua zenyewe kwa betri. Za kwetu nyingi zilikuwa za kuinuliwa kwa mikono, na kila mbebaji alikuwa na nafasi yake. Kulikuwa na wa kichwani na wa miguuni. Wa kichwani ndiye mwenye amri, kwa sababu ndiye anayeuona uso wa mgonjwa kwa karibu. Akisema "juu", wote juu, akisema "simama", hata kama mguu mmoja uko hewani, unasimama. Wa miguuni ndiye macho, maana anatangulia. Kumtoa mtu kitandani tulitumia shuka la kuvutia, ambalo hutandikwa chini ya mgongo wake, likakunjwa pembeni mpaka mkunjo ukakaza kama kamba, kisha mnavuta pamoja kwa pumzi moja. Na ngazini machela haipiti, kwa hiyo tulikuwa na kiti cha ngazi, kiti chembamba chenye mikanda na mishikio minne, miwili juu ya mabega ya mgonjwa na miwili miguuni pake.

Mama Achieng' alinipanga na Musyoka. Alikuwa na miaka thelathini na nne, anasomea uuguzi jioni, mzungumzaji kupita kiasi. Wiki ya pili tulitumwa Fort Worth kumchukua bibi mmoja. Tulipomwinua, nikasema kwa Kiswahili, nikiwa na hakika kwamba mji mzima hakuna wa kunielewa, "Loo, bibi huyu mzito."

Kutoka kwenye mto ikaja sauti ya taratibu, ya Kiswahili cha Kongo. "Mifupa ndiyo mizito, baba. Nyama ilishaisha."

Musyoka alilazimika kugeukia ukutani. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilimwomba radhi kutoka nyumbani kwake mpaka hospitali, na yeye njia nzima akawa ananiuliza nina watoto wangapi. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kuzungumza juu ya mtu aliyelala mikononi mwangu kana kwamba ni mzigo.

Mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo mvua iliishika Houston ikakataa kuiachia. Mliokuwapo mnakumbuka: siku baada ya siku, mpaka barabara kuu zikawa mito na watu wakatolewa majumbani kwa boti. Barabara ya kusini ilipofunguka, kampuni ilipeleka magari matatu kusaidia kituo cha huko. Mama Achieng' alinichagua mimi na Musyoka. Alituambia twende kwa wiki mbili. Nilikaa miaka miwili na nusu.

Meneja wa kituo cha Houston alikuwa Mmarekani aliyewahi kuwa tabibu wa jeshi, mtu wa maneno machache aliyesimama wakati wote kana kwamba viti vilitengenezwa kwa ajili ya wengine. Alitupokea akiwa na orodha mkononi. "Hawa ni wa kusafishwa damu," akasema. "Wengine wamekosa zamu mbili. Mnajua maana yake?"

Nilijua. Figo zikishakufa, mashine ndiyo figo. Ukikosa siku moja unavimba. Ukikosa ya pili maji yanapanda kifuani. Ya tatu usiombe.

Jina la nne kwenye orodha lilikuwa Ngonyani. Nikamwambia Musyoka, "Huyu ni wa kwetu. Huyu ametoka Songea."

Nyumba yake ya Sugar Land ilikuwa imeingiliwa na maji, na binti yake, Agnes, alikuwa amemhamishia kwa rafiki yao, mtaa wa Alief, ghorofa ya tatu. Lifti ilikuwa imekufa. Tulipanda kwa ngazi tukiwa na kiti cha ngazi begani, zulia likitoa maji kila tulipokanyaga. Agnes alitufungulia akiwa na macho mekundu.

Mzee alikuwa kwenye kochi, miaka sabini na minne, mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti kwa sababu ya sukari, wa kulia umevimba ukang'aa. Alipumua kama mtu aliyetoka kukimbia.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema, kwa kuwa vitabu vilikuwa vimepangwa kandokando yake juu ya meza, kitandani na hata sakafuni, vikikaushwa.

"Marahaba. Sibebwi."

"Daddy, please," Agnes akasema. "Just let them."

"Agnes, zungumza Kiswahili, tuna wageni." Akavuta pumzi. "Sibebwi. Nitashuka mwenyewe, nikikaa ngazi moja moja."

"Utakufa ngazi ya kumi," Musyoka akasema. Nikamkanyaga mguu.

Nilipiga magoti mbele yake. Nilimweleza kwamba nimetoka Korogwe, kwamba kazi yangu ni hii, kwamba haitachukua robo saa. Alinisikiliza, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Nimefundisha Kilatini katika sekondari ya mji huu miaka thelathini na moja. Kila mwaka niliwafundisha watoto juu ya matajiri wa Roma waliobebwa mabegani kwenye *lectica*, kitanda chenye mapazia, na wabebaji wake, *lecticarii*. Na kila mwaka niliwachekesha kwa kuwaigiza hao waliobebwa. Tumbo, vidole vyenye pete, shingo imelegea. Darasa zima lilikufa kwa kicheko." Akautazama mguu wake. "Sasa unataka nikae humo."

Agnes alikuwa ameanza kulia bila sauti. Nilijua kwamba tukichelewa hatutamchukua mtu wa kubishana.

"Mwalimu," nikasema, "mimi Roma siijui. Wabebaji walikuwa wangapi?"

"Inategemea."

"Basi utanieleza tukishuka. Ghorofa tatu zinatosha somo moja."

Kisha, kwa mara ya kwanza, akacheka, kicheko kilichogeuka kikohozi, akanyoosha mikono kama mtoto anayetaka kuvalishwa shati.

Tulimfunga. Mimi nilikuwa wa kichwani, juu. Musyoka chini, akishuka kinyumenyume. Ghorofa ya kwanza Mwalimu alieleza miti ya kubebea, ile mipini mirefu iliyopitishwa kwenye pete za ubavuni. Ghorofa ya pili alikuwa amefika kwenye idadi ya watu.

"Maskini aliyekodi aliwekewa wawili," akasema. "Mwenye uwezo alikuwa na sita. Na tajiri kabisa..."

Hapo kwenye kona zulia lililolowa likamtoka Musyoka chini ya kiatu. Nilimwona akipotea, nikasikia kiti chote kikining'inia mikononi mwangu. Sikuwa na nguvu za kukishika nikiwa nimesimama. Nikafanya kitu pekee kilichobaki, nikakaa. Nilijiachia chini juu ya ngazi, nikakivuta kiti kinilalie magotini, kichwa cha Mwalimu kikaja kifuani pangu. Musyoka alikuwa amekaa kwenye kituo cha ngazi, pale zinapopinda, mikono bado iko kwenye mishikio.

"Baba Neema, niko sawa," akasema akihema. "Niko sawa. Nimeshika."

Mapigo ya moyo wa Mwalimu niliyasikia kupitia kiti. Nikakumbuka kunyamaza ni kumwangusha.

"Tumesimama, Mwalimu. Hatuanguki. Tajiri kabisa alikuwa na wangapi?"

"Wanane," akasema, kwa sauti nyembamba sana.

"Wanane. Sisi tuko wawili, kwa hiyo tutakwenda polepole. Musyoka, juu."

Tulimfikisha. Muuguzi wa kituo cha kusafishia damu alipomwona hakuuliza jina, alimwingiza moja kwa moja. Mimi na Musyoka tulirudi garini tukakaa bila kuwasha injini. Kisha tukaangalia orodha, tukaenda kwa mgonjwa wa tano.

Mwalimu aliporudi kwenye nyumba yake iliyokarabatiwa, alipiga simu kituoni akawaomba sisi. Meneja hakupenda mambo ya kuchagua wabebaji. "Hapa si saluni," akasema. Lakini akatupanga. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kwa karibu mwaka mmoja na nusu, tulimchukua Sugar Land asubuhi na kumrudisha mchana, na nilijifunza katika gari lile mambo ambayo hakuna shule iliyonifundisha.

Alinieleza kwamba wabebaji wa Roma walikuwa watumwa, na wengi wao wageni kutoka mashariki, Bithinia, Kapadokia, Siria, watu walionunuliwa kwa sababu ya urefu na mabega. Walilinganishwa kimo, kwa sababu mmoja akiwa mfupi kitanda kinainama na mwenzake anabeba uzito wa wawili. Wa nyumba kubwa walivalishwa sare. Mbele yao walitangulia watu wa kusukuma umati ili njia ifunguke. Ndani, bwana alisoma, aliandika barua, alilala. Wagonjwa na wazee nao walibebwa hivyo. Kulikuwa na mahali mjini ambapo wabebaji wa kukodi walingoja wateja, kama madereva wanavyongoja leo.

"Kiswahili chetu kina ujanja," aliniambia siku moja. "Wazee wetu waliita machela kile kitanda cha kamba ambacho wakubwa walibebewa mabegani mwa watu. Leo machela ni ya mgonjwa. Neno ni lilelile. Aliyelala ndiye aliyebadilika."

"Na aliyebeba?" nikamuuliza.

"Huyo hakubadilika sana," akasema. "Ila wewe jioni unakwenda kwako."

Jambo moja lilinisumbua. "Hao watu, Mwalimu, majina yao yanajulikana?"

"Kwenye vitabu vya mabwana, hapana. Wanatajwa kama farasi wanavyotajwa. Lakini kuna makaburi ya pamoja ya watumishi wa nyumba kubwa, ukuta wenye vijishimo vidogo vya majivu kama viota vya njiwa. Chini ya baadhi ya vijishimo kuna kibao. Jina la mtu, halafu kazi yake. *Lecticarius*. Wenzake walichanga wakamwandikia." Akageuza uso dirishani. "Miaka thelathini na moja nilifundisha aliyekaa ndani ya mapazia. Vile vibao nilivipitia kwa dakika tano tu."

Musyoka, aliyekuwa akiendesha, akasema, "Sasa Mwalimu, hizo dakika tano ungeziongeza."

"Nimestaafu, kijana."

Hapo ndipo wazo lilipoingia, nadhani. Mwaka 2019, majira ya kuchipua, shule yake ya zamani ilimwalika kwenye siku ya wanafunzi wa Kilatini. Vijana walikuwa wametengeneza *lectica* kamili katika karakana yao, mbao, pete, mipini ya mita nne, mapazia mekundu. Walitaka mgeni wa heshima aingie uwanjani akiwa amebebwa. Mwalimu aliniambia habari hiyo akicheza na kifungo cha shati lake.

"Nimewaambia nitakubali kwa masharti mawili. Kwanza, nitasema juu ya wabebaji, si juu ya mabwana. Pili, anayejua kubeba awafundishe."

Meneja alikataa kabla sijamaliza sentensi. Gari la kampuni lingemfikisha Mwalimu shuleni, basi. Bima haikujua habari za Warumi. "Unachofanya siku yako ya mapumziko sikiulizi," akaongeza, akiangalia karatasi zake. "Na sitaki kukijua."

Nikaenda siku yangu ya mapumziko. Musyoka naye akaja.

Tuliwakuta vijana sita wa kike na wa kiume wamevaa mashuka, kila mmoja na kimo chake. Nilicheka, kisha nikaanza kazi. Niliwapanga kwa mabega, warefu mbele, wafupi katikati. Kila mmoja nilimlaza ndani ya kitanda wenzake wakambeba kimya, kisha wakambeba wakisema. Niliwafundisha amri nne: juu, nenda, simama, shusha. Mwalimu alisisitiza ziwe za Kiswahili. Msichana mmoja mwenye miwani, ambaye ndiye aliyechora ramani ya kile kitanda, aliandika maneno hayo kwa wino kwenye kiganja chake.

Mimi na Musyoka tulichukua nyuma. Mwalimu aliingia, akafungwa mkanda ambao haukuwahi kuwapo Roma, mapazia yakafunguliwa kwa sababu alitaka kuona nyuso. Nikasema "juu", na kile kitanda kikapanda sawasawa, kama mkate unavyoumuka. Uwanja ulipiga makofi. Nilimwona Agnes amesimama karibu na viti, mkono mdomoni.

Tulikuwa tumevuka nusu ya uwanja pale kijana wa mbele yangu alipojikwaa kwenye bomba la kumwagilia nyasi. Bega lake likatoka chini ya mpini. Uzito wote wa upande ule ukaniangukia, nikasikia kitu begani kikilia kama kitambaa kinachochanwa. Giza lilinijia machoni. Kijana alikuwa anataka kurudisha bega kwa haraka, na nilijua akifanya hivyo tutayumba na Mwalimu atamwagika.

"Simama," nikasema. Wote wakasimama. "Shusha."

Walishusha vizuri ajabu. Polepole, kwa magoti, bila hata mmoja kumtangulia mwenzake. Mwalimu aligusa nyasi bila kutikisika. Watu walidhani ndivyo ilivyopangwa, wakapiga makofi tena, naye akahutubia palepale alipokuwa. Alizungumza juu ya vile vibao, kwa zaidi ya nusu saa. Kisha akawaomba wabebaji wote wanane wataje majina yao kwa sauti, mmoja mmoja, na darasa liyarudie. Nilitaja langu nikiwa nimeshika mkono wangu wa kulia kwa mkono wa kushoto.

Nilificha maumivu siku tatu. Siku ya nne, nikimvuta mgonjwa kwa shuka, mkono ukakataa, na Musyoka akabeba mzigo wangu na wake. Meneja aliniita. Alinitaka niinue mkono juu. Haukupita kifua.

"Lini?" akauliza.

"Siku yangu ya mapumziko."

Alikaa kitini. Sikuwahi kumwona akikaa kabla ya hapo. "Baba Neema, unajua ni nini kibaya zaidi ya gari lenye breki mbovu? Mbebaji anayeficha maumivu yake. Breki mbovu angalau zinapiga kelele." Alikuwa na haki. Mtu niliyemvuta asubuhi ile angeweza kuanguka kwa sababu ya kiburi changu, na hilo linaniuma mpaka leo kuliko bega lenyewe.

Daktari alisema kano limechanika. Wakalishona, lakini sikuruhusiwa tena kuinua. Nikawa mpangaji wa safari, mtu wa simu na ramani, nikiwatuma wengine mahali nilipokuwa nikienda mwenyewe.

Mwalimu alipojua, alinipigia.

"Miaka yote nimewahubiria watoto juu ya mabega ya watu," akasema, "na tamaa yangu ya siku moja imelivunja la kwako."

"Mwalimu, mbona nilikuja mwenyewe?"

"Ndiyo. Na mimi nilijua utakuja."

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwake kama mgeni, nikakaa kwenye kiti, tukala ugali na samaki aliopika Agnes. Tulizungumza habari za mvua za Songea na machungwa ya Muheza. Hatukutaja Roma. Niliendelea kwenda kila nilipopata nafasi. Wabebaji wengine walimchukua Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na yeye aliwapigia darasa, nikaambiwa, mpaka mmoja akaomba ahamishwe.

Alifariki mwezi wa kwanza mwaka 2020, akiwa usingizini, mwezi mmoja na nusu kabla dunia haijafungwa. Misa ilisomwa Sugar Land. Nilikaa safu ya tatu, bega likinisumbua kwa baridi. Agnes alikuwa amewaomba wanafunzi wa zamani wabebe jeneza. Walikuja watatu wa siku ile uwanjani, sasa wa chuo, na wengine watatu wakubwa wenye vipara. Walipojipanga niliona wamejipanga kwa kimo. Msichana mwenye miwani alisimama kichwani. Akainama kidogo, nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, kwa lafudhi ya kwao, "Juu."

Hapo nililia. Musyoka, aliyekuwa kando yangu, alinipa kitambaa chake bila kugeuka.

Mwezi wa tatu nilirudi Grand Prairie, Neema aliponitaka nisikae peke yangu. Mama Achieng' alikuwa sasa meneja wa kituo. Musyoka alikuwa amemaliza masomo, ameajiriwa hospitali moja upande wa Katy, na ujumbe wake wa simu, ambao zamani ulikuwa mrefu kama gazeti, ulikuwa neno moja: "Nipo." Magari yetu yalitoka na watu waliovaa kama wanaanga. Nilikaa kwenye simu nikipanga safari, nikisikia familia zikiuliza kama zinaweza kumfuata mgonjwa wao, nikijibu hapana, hapana, hapana. Ile ilikuwa kazi nzito kuliko yoyote niliyoifanya kwa mikono.

Wajukuu wangu huniuliza, kwa Kiingereza chao, kama sioni haya kwamba nilivuka bahari kuja kubeba watu. Ninawajibu kwa Kiswahili ili wapate taabu kidogo. Ninawaambia kwamba nimeingia vyumba ambavyo daktari hajawahi kuviona, nimejua nani ana paka, nani ana picha ya mke wa kwanza nyuma ya picha ya mke wa pili. Nimekuwa uso wa mwisho ambao baadhi ya watu waliuona wakitoka kwenye nyumba zao, na uso wa kwanza wakirudi. Sijui kama ni kazi kubwa. Najua kwamba ukiifanya vibaya mtu anaogopa, na ukiifanya vizuri hakuna anayeikumbuka. Nimeizoea hesabu hiyo.

Nilistaafu mwezi wa kumi mwaka huo. Hakukuwa na sherehe, watu hawakuruhusiwa kukusanyika. Asubuhi ya siku ya mwisho Mama Achieng' alisimama mlangoni mwa chumba changu cha simu, barakoa imemfika chini ya macho.

"Toka huko, Baba Neema. Safari ya mwisho usiifanye kwa simu. Kaa mbele na dereva, na usiguse kitu."

Tulimchukua Bi Rukia, Mtanzania mwenzangu wa Grand Prairie, aliyekuwa hospitalini wiki saba. Wabebaji walikuwa wawili, wageni kazini, waangalifu kama wanaobeba mayai. Njia nzima walimsemesha. Tulipofika, watoto wake na wajukuu walikuwa wamejipanga nje ya uzio, mbalimbali, hakuna aliyethubutu kusogea. Machela ikapita katikati yao mpaka mlangoni.

"Simamisheni hapa," Bi Rukia akasema.

"Mama, utaratibu ni kukufikisha kitandani," mbebaji mmoja akamjibu kwa adabu.

"Nilitoka mlango huu nimelala. Siingii nimelala."

Vijana wakanigeukia. Utaratibu niliujua kuliko wao. Nilikuwa nimewasomea watu kwa simu mara nyingi. Niliitazama miguu ya yule mama, myembamba, imeshajielekeza pembeni ya godoro. Nikamtazama usoni.

"Fungueni mikanda," nikasema. "Mmoja kushoto, mmoja nyuma. Mama, tunashusha miguu. Sasa unagusa chini. Usiharakishe."

Alisimama. Alitetemeka, akanishika mkono wangu wa kushoto, ule mzima, kwa nguvu ambayo sikuidhania. Hatua ya kwanza, ya pili. Kwenye kizingiti alipumzika, akavuta pumzi, akasema bismillahi. Halafu akauachia mkono wangu, akaingia kwake.